Nimehamia Addis Ababa na pumzi zinakata: niache matembezi ya wikendi?

"Daktari, nina miaka 38, ni mhasibu. Nilihamia Addis Ababa kutoka Dar es Salaam mwishoni mwa Agosti, sasa naingia wiki ya 8. Siku za mwanzo kichwa kiliniuma na usiku nilikuwa naamka kukojoa kila mara, kisha ikaisha. Lakini wenzangu wa ofisini waliponipeleka mlima Entoto nilihema mpaka nikakaa chini, moyo ukienda mbio. Nyumbani nilikuwa nakimbia Coco Beach kilomita 5 bila shida. Hapa naishi ghorofa ya nne, lifti hakuna, nikifika mlangoni siwezi kuongea. Duka la dawa waliniuzia pampu ya pumu. Nikivuta mikono inatetemeka. Nimenunua na kipimo cha oksijeni cha kidoleni, kinasoma 93. Shemeji yangu anasema moyo umepanuka, nirudi. Kwa hiyo wikendi siku hizi nashinda ndani. Dada wa kazi anawasha makaa sebuleni, tunafunga madirisha kwa baridi, tunakunywa kahawa na kutazama tamthilia. Ajabu ni kwamba Jumapili asubuhi ndipo kichwa kinauma kuliko siku zote. Ofisi imeniandikisha mbio za kilomita 10 za Novemba. Nijitoe? Na mdogo wangu, tumbo moja, mwenye selimundu, anataka kuja Krismasi tutembee naye mjini. Nimwandalie nini?"

Dada yangu, pole. Najua inavyotisha mtu uliyezoea kumaliza kilomita 5 ufukweni kujikuta umekaa chini njiani huku wenzako wanakupita wakipiga soga. Sijakupima, kwa hiyo nitakayosema hayachukui nafasi ya daktari atakayekuwekea mkono kifuani. Ila barua yako ina maelezo ya kutosha kuniwezesha kuona jambo moja: umeutwika mlima mzigo wote. Sehemu ya mzigo huo ni wake kweli. Lakini maumivu ya kichwa ya Jumapili sidhani kama ni ya mlima, na habari ya mdogo wako, uliyoiweka mwisho kama nyongeza, mimi ningeanza nayo.

Tuanze na mlima, kwa kuwa ndio uliokutia hofu. Addis Ababa iko karibu mita 2,355 juu ya usawa wa bahari. Nairobi, tunayoiita ya juu na ya baridi, iko chini yake kwa zaidi ya mita 500. Bustani ya Entoto inapandisha kutoka hapo, na kilele cha safu ile kinakaribia mita 3,200. Mtanzania ataelewa haraka nikisema hivi: wageni wanaopanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu hulala usiku wa kwanza Mandara, mita 2,720, na waongozaji huwaambia "pole pole" tangu getini. Wewe ulitoka ufukweni, na Jumamosi moja wenzako wakakupandisha juu ya Mandara kwa mwendo wa watu waliozaliwa huko, tena mkiwa mnaongea. Kuhema ulikohema hakunishangazi hata kidogo.

Watu husema hewa ya huko "haina oksijeni". Si hivyo. Hewa ya Entoto ina oksijeni asilimia 21, sawasawa na ya Kigamboni. Kinachopungua ni mgandamizo wa hewa yenyewe, ambao Addis ni kama robo tatu tu ya ule wa pwani. Oksijeni huingia kwenye damu kwa kusukumwa na mgandamizo huo, kwa hiyo kila pumzi unayovuta inakupa kidogo kuliko uliyozoea. Na kama umewahi kupanda ndege, mwili wako umeshaonja hali hiyo: ndege za abiria zikiwa angani, hewa ya ndani huwekwa kwenye kiwango ambacho mara nyingi hakizidi kile cha mita 2,400. Yaani wenyeji wa Addis wanaishi siku zote kwenye hewa ambayo wewe uliivuta kwa saa chache za safari.

Mwili haukai kimya. Shingoni, kando ya mishipa inayopeleka damu kichwani, kuna vihisi vidogo vinavyopima oksijeni. Vikiona imepungua, vinaamuru mapafu yavute zaidi na moyo upige haraka. Ukivuta zaidi unatoa hewa ukaa nyingi, na damu inapoteza sehemu ya asidi yake. Hapo ubongo unafunga breki, upumuaji unarudi nyuma, hasa usiku, na usingizi unakatikakatika. Figo ndizo zinazotatua mgogoro huo, kwa kumwaga bikaboneti (kinachopunguza asidi ya damu) na maji kupitia mkojo. Kule kuamka kwako usiku kukojoa siku za mwanzo zilikuwa ni figo zikifanya kazi yake. Kichwa kinachouma ndani ya siku ya kwanza na kuisha kwa siku mbili tatu ni cha kawaida kabisa kwa mgeni wa miinuko hii. Ulipita salama.

Hatua inayofuata ni ya polepole. Figo hutoa homoni inayouamuru uboho wa mifupa utengeneze chembechembe nyekundu zaidi, na kazi hiyo huchukua wiki nyingi, hata miezi. Inahitaji madini ya chuma. Mwanamke mwenye hedhi nzito au aliyefika na upungufu wa damu kutoka nyumbani hana malighafi, basi anabaki akihema wakati wenzake waliofika siku moja naye wanapanda ngazi wakiimba. Hicho ndicho kipimo cha kwanza ningekuomba: wingi wa damu na akiba ya chuma. Umkumbushe anayesoma majibu kwamba mwinuko unabadilisha hesabu. Kiwango kinachoitwa cha kutosha Dar huongezwa gramu 1 au zaidi kidogo kwa kila desilita ya damu kwa mtu anayeishi Addis, kwa hiyo 12 ya huko si 12 ya Mwananyamala.

Tena usijipime kwa wenyeji. Mwenzako akikwambia kwao ni Bekoji, mji uliowatoa wanariadha Derartu Tulu, Kenenisa Bekele na Tirunesh Dibaba, mwache atangulie. Watu wa nyanda za juu za Ethiopia wamekaa huko vizazi na vizazi, na miili yao imejipanga kwa namna ambayo wewe hutaifikia kwa mkataba wa miaka miwili. Hata ukizoea vizuri, uwezo wako wa juu kabisa wa kukimbia utabaki chini ya ule wa Coco Beach, pengine kwa asilimia 10 hivi. Si ugonjwa.

Sasa 93 ya kidoleni. Dar ungesoma 97 au 98, na ungeiona 93 ungekimbizwa hospitali. Addis, kwa mgeni aliyetulia, kati ya 92 na 96 hainitii wasiwasi. Kipime ukiwa umekaa dakika kadhaa, vidole vikiwa na joto, bila rangi ya kucha. Kama umepaka piko au hina, tumia kidole kisicho nayo, maana inaweza kukidanganya kipimo. Vifaa hivi pia vina tabia ya kusoma juu kidogo kwenye ngozi nyeusi, kwa hiyo usikifanye kuwa hakimu. Na kina udhaifu mwingine mkubwa zaidi, nitaueleza nikifika sebuleni kwako.

Pampu ya pumu weka kando mpaka upimwe. Dawa ya kufungua njia za hewa haiongezi mgandamizo wa hewa. Kama njia zako hazijabana, inabaki kazi moja tu, kutetemesha mikono na kuuchochea moyo. Ukivuta pampu halafu ukasikia moyo unakwenda mbio, hofu inapanda, unavuta tena. Kama unasikia mluzi kifuani, au unakohoa usiku, au moshi wa makaa na wa magari unakubana, hapo pumu inafikirika na kuna kipimo cha kupuliza kinachoithibitisha. Makopo ya oksijeni, yale unayoweza kushawishiwa kununua, yanaisha ndani ya dakika chache na hayakuzoeshi chochote. Kunywa maji mengi kupita kiasi nako hakuponyi mwinuko. Kunywa kwa kiu na kidogo zaidi, kwa sababu hewa ni kavu.

Kahawa nayo imesingiziwa mengi. Haikaushi mwili kwa namna ya kukudhuru, na siwezi kumwambia mtu anayeishi Ethiopia aache kahawa. Ni sawa na kumnyima salamu. Lakini ile desturi ya vikombe vitatu, abol, tona na baraka, ikifanyika saa kumi na moja jioni, usingizi wa saa nne usiku usahau. Pombe ndiyo ningekuambia uichunge, hasa tej, ile ya asali inayonyweka kama juisi: inapunguza upumuaji usingizini, wakati ambao oksijeni yako tayari iko chini.

Tumefika sebuleni. Dada, unaniambia Jumamosi jioni makaa yanawashwa ndani, madirisha yamefungwa, na Jumapili asubuhi kichwa kinauma kuliko siku nyingine zote. Wiki ya 8, mtu asiyepanda wala kushuka, kichwa kinachofuata ratiba ya makaa: hicho sikiiti kichwa cha mwinuko hata kidogo. Nashuku kaboni monoksaidi. Ni gesi inayotoka makaa yanapoungua kwenye hewa finyu. Haina rangi, haina harufu, na hutoka hata kwenye makaa yaliyokolea vizuri yasiyo na moshi, yale tunayoyaamini kuwa salama. Ikiingia kwenye damu hung'ang'ania chembechembe nyekundu kwa nguvu zaidi ya mara 200 ya ile ya oksijeni, na kuifungia oksijeni nje. Mtu wa pwani hupata nafuu kidogo kwa sababu ana oksijeni ya akiba. Wewe wa mita 2,355 huna.

Na hapa ndipo kipimo chako cha kidoleni kinapokuangusha: hakiwezi kutofautisha damu iliyobeba oksijeni na iliyobeba gesi hiyo. Kitakuonyesha 93 ile ile huku unasumika. Kila msimu wa baridi watu wa nyanda za juu hupoteza ndugu namna hii, Makete na Njombe mpaka Ethiopia: wameingiza jiko chumbani wapate joto, wamelala, hawakuamka. Usingoje daktari kwa hili. Kuanzia leo makaa yawashwe nje au barazani, kahawa ikaangwe na kuchemshiwa huko, kisha jebena, birika la udongo la kahawa, iingizwe ndani ikiwa tayari. Baridi ya usiku ipambane na blanketi na sweta. Kama bafuni kuna hita ya gesi ya kuchemsha maji, mlete fundi aiangalie bomba la kutolea hewa. Mwulize na dada wa kazi kama kichwa kinamuuma siku hizo hizo; watu wawili wa nyumba moja kuumwa kichwa kwa wakati mmoja ni ushahidi mzito. Mkiwa mmewasha chochote halafu mtu akaanza kutapika, kuchanganyikiwa au kusinzia ovyo, tokeni nje kwanza wote, mengine baadaye.

Kwa hiyo uliacha matembezi ukidhani unajikinga, ukajifungia mahali palipo na hatari zaidi. Toka nje, dada. Ila toka kwa kufuata mwinuko, maana sura ya ramani inadanganya.

Kwa Jumamosi za mwezi huu ningebaki mjini. Jumba la Makumbusho ya Taifa, eneo la Amist Kilo, ambako yumo Lucy, au Dinknesh kama wanavyomwita wenyewe, mifupa ya kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu, ya miaka milioni 3.2, iliyopatikana Hadar mwaka 1974. Ukipanda kidogo mpaka Sidist Kilo, ndani ya chuo kikuu, kuna makumbusho mengine yaliyo katika lililokuwa kasri la Haile Selassie, na chumba chake cha kulala bado kipo. Kutoka moja hadi nyingine ni mteremko mdogo kwa anayeshuka na mazoezi mazuri kwa anayepanda. Meskel Square asubuhi na mapema utakuta watu wanapanda na kushuka zile ngazi pana za uwanja. Jiunge nao, nenda na kurudi bapa kwanza bila kupanda. Nenda na kofia. Kwenye mwinuko huo jua huchoma hata siku ya baridi.

Ukitaka kutoka mjini, Bishoftu ni kilomita 45 hivi kusini-mashariki, ina maziwa ya kreta na iko karibu mita 1,900. Kifua chako kitakushukuru. Ziwa Langano na mji wa Hawassa ni chini zaidi, katika Bonde la Ufa, ila huko unakutana na rafiki wa zamani: malaria. Addis yenyewe haina kwa sababu ya mwinuko, na hapo ndipo wageni wanapojisahau. Beba chandarua na dawa ya kujipaka. Homa yoyote baada ya safari ya bondeni, au ndani ya miezi ya kwanza tangu utoke Dar, sema wazi kwa daktari umetoka wapi, asije akaiita mafua. Kadiri unavyokaa Addis kinga yako ya malaria inapungua pia, kwa hiyo ukirudi likizo Dar usilale kama mwenyeji. Ziwa la Wenchi, ambalo wenzako watakusifia, ni zuri kweli, lakini lipo juu kuliko Addis, si chini. Liache mpaka mwakani. Popote uendako ulizia hali ya barabara wiki hiyo hiyo.

Entoto nayo itakuwa yako. Mwambie dereva awashushe kwenye eneo la chini la bustani, mtembee kati ya mikaratusi kwa mwendo unaokuruhusu kumaliza sentensi nzima bila kukata pumzi. Sentensi ikikatika, simama. Usione haya, hata kinamama waliokuwa wakishusha kuni mlima ule walipumzika njiani. Hizo ghorofa nne zako zitumie kama daftari: ukipanda kwa mwendo ule ule kila jioni, mpaka Desemba unapaswa kuona tofauti. Usipoiona, njoo na jibu hilo kwa daktari.

Mbio za Novemba usijitoe kwa ajili ya mwinuko. Great Ethiopian Run, ambayo mwanariadha Haile Gebrselassie aliianzisha mwaka 2001, ina wakimbiaji wa kweli mbele, na nyuma yao makumi ya maelfu ya watu waliovaa fulana za rangi moja wanaotembea, kuimba na kucheza. Kaa huko nyuma. Ila kushiriki kwako nakupa kwa sharti moja, na sharti hilo linatokana na mdogo wako.

Kama mdogo wako wa baba na mama mmoja ana selimundu, basi kila mmoja wa wazazi wenu ana angalau kinasaba kimoja cha ugonjwa huo. Wewe huumwi, lakini katika hali ya kawaida una uwezekano wa 2 kati ya 3 kuwa mbebaji, yaani mwenye kinasaba kimoja asiyeumwa. Wabebaji wengi wanaishi miinuko ya Addis bila kujua na bila tatizo, kwa hiyo usishtuke. Tatizo, ambalo ni nadra lakini ni la kweli, huja pale mbebaji anapojikaza sana akiwa juu, akiwa na kiu: chembechembe hujikunja na kuziba damu ya wengu. Dalili yake ni maumivu makali chini ya mbavu za kushoto, pengine na kutapika. Sharti langu basi: pima vinasaba vya selimundu kabla ya mbio, kipimo kimoja cha damu. Ukiwa mbebaji utakimbia kwa upole, utakunywa maji njiani, na mambo ya kupanda milima ya Bale au Simien utazungumza kwanza na daktari.

Kwa mdogo wako jibu ni tofauti, na najua halitakufurahisha. Mwenye selimundu kamili, oksijeni ikishuka, anaweza kuingia kwenye maumivu makali, kubanwa kifua au kuharibika wengu, na Addis inamshushia oksijeni kwa saa 24 kila siku, si kwa saa chache. Baridi ya usiku wa Desemba inaongeza kichocheo kingine. Wapo waliokuja wakarudi salama. Mimi nisingemshauri. Uamuzi ni wa kliniki yake, iwe Muhimbili au kwingineko, watu wanaojua kiwango cha damu yake, kama anatumia dawa ya haidroksiyurea, na mara ya mwisho alilazwa lini. Aende kabla hajakata tiketi. Wakikataa, Krismasi nenda wewe Dar. Hutapoteza sikukuu ya huko, kwa kuwa Waethiopia wanasherehekea Genna tarehe 7 Januari na Timkat tarehe 19 Januari, utakuwa umesharudi. Maharage pia utayala yameiva. Addis hayaivi upesi kwa sababu maji yanachemka kwenye nyuzi 92 hivi, na bila presha kuka utamaliza gesi.

Wiki hii nenda hospitali kwa miadi ya kawaida: wingi wa damu na chuma, selimundu, presha, kipimo cha umeme wa moyo, na ujauzito kama kuna uwezekano. Hapo daktari ataanza kuona kama ule moyo uliopanuka anaousema shemeji yako upo au la. Kuna mambo lakini hayangoji miadi: kukosa pumzi ukiwa umekaa au ukilala chali, kubanwa kifua, kuzimia, kutema damu, mguu mmoja kuvimba na kuuma hasa kama unatumia vidonge vya uzazi na umesafiri kwa ndege karibuni, kipimo cha kidoleni kubaki chini ya 90 ukiwa umetulia, au yale maumivu ya ubavu wa kushoto. Kikohozi kilichopita wiki mbili nacho kinataka kipimo cha makohozi. Mwulize mlinzi wa jengo lenu hospitali ya karibu yenye huduma ya dharura usiku ni ipi, uijue njia kabla hujaihitaji. Na mapokezi wakikwambia njoo saa tatu, ni saa tatu yetu ya asubuhi, kwa kuwa saa zao zinahesabiwa kama za Kiswahili. Ila mwaka ulioandikwa kwenye kadi utasomeka miaka 7 au 8 nyuma, na huo si uzembe wa karani.